Kiwiko cha Mama: historia fupi ya meza ya katikati ya jiko

Kabla hajagusa msumeno, fundi aliniuliza swali moja tu: "Anayepika ana urefu gani?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba meza za jikoni ni sentimita 90, nimeshaangalia kwenye simu. Hakubishana. Aliandika 90 kwa penseli kwenye kipande cha boksi, akaendelea na shughuli zake. Makosa yangu yote yalianzia hapo.

Tulikuwa Mbesa, mkoani Ruvuma. Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unafika Tunduru, halafu unashika njia ya kusini kuelekea upande wa mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Wengi wanaijua Mbesa kwa hospitali yake ya misheni. Mimi naijua kwa jiko la mama: chumba cha matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, bati jeusi kwa masizi, mafiga matatu katikati. Mwaka juzi alipata mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wenye kichomeo juu yake. Akauweka sakafuni, kando ya mafiga, na kuendelea kupika vilevile, ameinama. Tatizo ni kwamba magoti yake hayakitaki tena kigoda, na mgongo hautaki kuinama. Nikaamua kumtengenezea kitu ambacho majiko ya mjini siku hizi yanajivunia, wanakiita kisiwa: meza nzito ya mbao inayosimama peke yake katikati ya jiko, unaizunguka pande zote.

Mbao zilichelewa, nitaeleza kwa nini. Katika kusubiri nikaanza kujiuliza swali la kijinga: hivi ni lini mpishi wa kwetu aliambiwa asimame?

Neno lenyewe linatoa siri. Meza tumelipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Kwao ni mesa. (Mbesa na mesa hazihusiani, ingawa nilitamani sana zihusiane.) Kasha nalo tulilichukua kwao. Lakini jiko ni letu, na mafiga, kigoda, chungu, mwiko na ungo ni vyetu. Vitazame vyombo hivyo kwa zamu utaona karibu vyote vinataka mtu awe chini. Hata kinu, ambacho unasimama nacho, mdomo wake haupiti mapaja. Na mfano wangu bora ni mbuzi ya nazi. Ni kiti na ni mashine kwa wakati mmoja: unaikunjua, unaikalia, ulimi wa chuma wenye meno unatokeza mbele yako, sahani iko chini yake, na uzito wa mwili wako unaizuia isitikisike. Fundi aliyeibuni alimtazama mpishi kwanza, kisha ndipo akachukua mbao. Kama kuna samani ya jikoni iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtumiaji, ni hiyo, na ina miaka mingi kuliko neno "kisiwa" katika maana hii mpya.

Seremala naye alikaa chini. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu leo, utamkuta mchonga milango amekaa sakafuni au kwenye mkeka, ubao umelala mbele yake, mguu mmoja umeukandamiza, patasi mkononi. Mguu ndio jiliwa lake. Mafundi wa Kihindi waliofanya kazi katika miji ya pwani nao walikuwa hodari kwa namna hiyohiyo. Sasa mkumbuke mwanamke anayesonga ugali kwenye mafiga, unyayo wake au kijiti kimelizuia sufuria lisizunguke. Huyu na yule wa milango wamesoma shule moja, na kifaa chao cha kwanza ni mguu.

Kwa hiyo nilipokutana na wazo kwamba kukaa chini ni unyonge, sikulikubali moja kwa moja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, anayejulikana zaidi kwa jina la Emily Ruete, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844 na kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka Berlin mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi familia ya sultani ilivyokula kwenye sefra, meza ya mbao ya chini kabisa, ya inchi chache tu kutoka sakafuni. Mfalme alikaa chini! Kimo cha juu kilikuwepo, lakini kilikuwa cha sherehe. Kile kiti cha enzi cha pwani, cha mpingo na nakshi za pembe, chenye mahali pa kuwekea miguu, kilikuwa cha mgeni wa heshima au mwenye nyumba. Wapishi wa jumba la sultani walikuwa watumwa, na hakuna aliyewafikiria kwa habari ya viti.

Huku bara ya kusini, aliyemwinua fundi ni benchi. Mwaka 1898 Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho, magharibi ya Songea. Misheni hiyo ilichomwa moto mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na pamoja na kanisa na shule zikaja karakana. Mabruda walikuwa mafundi wenyewe, wa mbao, chuma na uashi, na seremala aliyefundishwa mikononi mwao alifundishwa amesimama, mbele ya benchi lenye jiliwa la kubana mbao. Fundi wangu wa Mbesa, ambaye ni Myao na hajawahi kukaa Peramiho hata siku moja, alifundishwa na mzee aliyejifunza huko. Ukimtazama anavyopiga randa, mguu wa kushoto mbele, mgongo umenyooka, unaona benchi la mabruda limeingia mwilini mwake. Ila akichoka anashuka, anakaa juu ya vumbi la mbao, anakamata ubao kwa vidole vya mguu na kumalizia tundu kwa patasi. Nilimuuliza kwa nini. "Huku naona vizuri," akasema.

Mpishi alisimamishwa kwa njia nyingine, na jambo hili linanichekesha kila nikilifikiria. Watanganyika wengi wa kwanza kupika wamesimama mbele ya meza na jiko la chuma la Dover walikuwa wanaume. Nyumba za wakoloni zilijengewa jiko la nje, nyuma, mbali kidogo na sebule, na mpishi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume, alikatia nyama mezani. Jioni alirudi kwake, ambako mkewe alipika amekaa. Mume alisimamia meza ya watu kwa mshahara, mke akabaki na mafiga bila mshahara. Meza ilipita kando ya mama zetu kwa miongo mingi.

Hapo ndipo msomaji wangu atanivumilia nimpeleke Ujerumani kidogo, kwa sababu njia inarudi Tanganyika kwa namna ambayo sikuitarajia.

Mwaka 1926, kwa ajili ya nyumba mpya za wafanyakazi za mji wa Frankfurt, msanifu wa Kiaustria Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo, upana mita 1.9 na urefu kama 3.4. Likafungwa katika nyumba zinazofikia 10,000 hivi. Kila hatua ya mpishi ilikuwa imehesabiwa: sinki hapa, meza chini ya dirisha ili mwanga uingie, rafu mkono unapofika, vidroo vya unga na sukari vyenye majina. Majiko mengi ya kisasa unayoyaona, yenye makabati ya kupanga ukutani, yana damu ya jiko lile. Na nikwambie kilichonifurahisha: chini ya ile meza ya dirishani kulikuwa na stuli ya kuzunguka, ili mwanamke akatie mboga amekaa. Kigoda, basi! Kigoda kilichopandishwa.

Lakini jiko la Frankfurt lilikuwa la mtu mmoja. Wawili hawapishani humo. Mpishi alitazama ukuta au dirisha, familia ikiwa chumba cha pili, na wanawake wa Ujerumani wa kizazi cha 1970 walililaumu kwa hilo, kwamba liliokoa hatua zao likawaacha peke yao. Kisiwa cha jikoni, kilichosambaa baadaye kutoka Marekani, kilikuwa dawa ya upweke huo: ondoa meza ukutani, ilete katikati, mpishi awatazame watu. Nikicheka, nacheka kwa sababu mafiga ya mama yako katikati tangu siku ya kwanza. Watu wanayazunguka, mmoja anachochea kuni, mwingine anachambua mchele, wa tatu hana kazi ila ana habari za msiba wa kijiji cha pili. Wenzetu walizunguka dunia nzima wakarudi kwenye mafiga, ila wameyapandisha hadi kiunoni.

Sasa hii ndiyo njia ya kurudi. Bosi wa Schütte-Lihotzky kule Frankfurt, mkuu wa ujenzi wa mji, alikuwa Ernst May. Wote wawili walikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka 1930 kupanga miji mipya. May hakuweza kurudi kwao baada ya akina Hitler kushika dola. Akaja Tanganyika, na kuanzia mwaka 1934 akawa mkulima karibu na Arusha. Mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya majiko ya nyumba 10,000 sasa alikuwa na shamba la kahawa, amezungukwa na wanawake wanaopikia mawe matatu. Baadaye akahamia Nairobi kufanya usanifu, vita vilipokuja Waingereza wakamweka kizuizini Afrika Kusini, akaachiwa, akachora mpango wa kupanua Kampala katikati ya miaka ya 1940, ambamo Waafrika walipangiwa maeneo yao, Naguru na Nakawa. Jengo la ushirika wa Wachaga pale Moshi ni kazi yake, na hoteli ya Oceanic ya Mombasa pia. Alirudi Ujerumani miaka ya 1950. Sidai kwamba alileta jiko la Frankfurt Arusha. Ninachosema ni kwamba watu wa kupangia watu wengine majiko walikuwepo hapahapa kwetu, wakinywa kahawa, na meza ya mama bado haikufika.

Na kuna jambo Schütte-Lihotzky alilikiri mwenyewe uzeeni (alifariki mwaka 2000, karibu kutimiza miaka 103): kabla ya kubuni jiko lile hakuwa amewahi kupika wala kuendesha nyumba. Niliposoma hapo niliizima simu nikaiweka mfukoni. Mimi nina miaka zaidi ya 40 na sijawahi kusonga ugali wa watu sita.

Turudi kwenye mbao. Nilitaka mninga, nani hataki mninga? Ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, ukikauka mbao zake ni za kahawia yenye dhahabu, hazipindi ovyo, randa inapita kama kwenye sabuni, ingawa vumbi lake lilimfanya fundi apige chafya wiki nzima. Lakini mninga ni mti wa miombo unaokua polepole. Unaopandwa leo ni wa kukatwa na wajukuu. Kisheria gogo linatakiwa kuwa na kibali na alama ya nyundo ya serikali, na mbao zikisafiri ziwe na hati ya usafirishaji. Nilipata muuzaji mmoja aliyeniambia anazo nzuri, nusu bei, zinafika usiku. Usiku! Nikiri kwamba nililifikiria kwa siku mbili.

Mama ndiye aliyelikata suala hilo. "Kitanda cha baba yako kipo stoo."

Nilikijua. Kitanda cha mninga, futi sita kwa nne, baba alitengenezewa kabla sijazaliwa. Matendegu mawili marefu ya kichwani, mawili mafupi ya miguuni, mbavu mbili pana, chaga zake zilishaliwa na mchwa lakini mbavu hazikuguswa hata kidogo. Mchwa hawaupendi mninga mkavu. Nikasema, "Mama, kitanda cha marehemu tunakikataje?" Akaniambia marehemu hakilalii. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye pia hawezi kukilalia, na hilo sikulijibu.

Kazi ilichukua siku tisa. Mbavu na ubao wa kichwani viliunganishwa ubavu kwa ubavu, kwa gundi na vijiti vya ndani, vikafungwa kwa kamba na kabari kwa kuwa jiliwa refu hatukuwa nalo. Ukapatikana uso wa sentimita 120 kwa 60. Matendegu marefu mawili yakawa miguu ya upande mmoja; miguu miwili mingine tulinunua Tunduru mjini, mninga wenye risiti. Viungo vyote ni ulimi na tundu, hakuna msumari. Rafu ya chini ni msindano wa kawaida. Juu sikupaka vanishi, kwa kuwa kisu kingeibandua ikaingia kwenye mboga. Tukaiweka katikati ya jiko, tukaipima kwa pima maji. Kimo: 90 kamili.

"Meza nzuri, mwanangu. Nzuri sana," mama akasema. Alisimama mbele yake akakata kitunguu kimoja. Mabega yake yalikuwa juu, kama mtu anayesikia baridi.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, ubao wa kukatia mapajani, anakata mchicha. Meza ilikuwa imefunikwa khanga, na juu ya khanga kuna redio.

Hicho kipimo cha 90 nilichokitoa kwenye simu kina ukoo wake. Wamarekani walisawazisha meza za jikoni katika inchi 36, yaani sentimita 91 na kitu, ili makabati ya kiwandani yaingie nyumba yoyote. Ni kipimo cha kiwanda na wastani wa watu ambao mama yangu hakuwemo. Fundi alipokuja hakuleta futi. Alileta kamba ya katani. Akamwomba mama, kwa heshima zote, "Shikamoo mama, naomba usimame kama unataka kukata nyama," akashusha kamba kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni na kupiga fundo. Tulipoipima baadaye ilikuwa 94. Akatoa upana wa kiganja, kwa sababu kisu kinataka nafasi ya kushuka, akapiga fundo la pili. Meza ikalazwa, matendegu ya baba yakakatwa tena, na safari hii ikasimama kwenye 83. Mama akakata vitunguu vitatu bila kusema neno, mabega yamelala.

Nikadhani tumemaliza. Nikanunua jiko la gesi la pleti mbili, nikaliweka juu ya meza. Jioni mama akabandika maji ya ugali. Hesabu rahisi ambayo sikuifanya: meza 83, jiko 12, sufuria 20, mdomo wa sufuria uko sentimita 115. Kifuani. Unga ulipoanza kukaza, akajaribu kusonga mikono ikiwa juu, sufuria likateleza, akazima gesi. "Ugali hausongwi kwa mikono," akaniambia, kama anavyomwambia mtoto. "Unasongwa kwa mwili." Tulikula ugali wenye mabuje usiku ule, na hakuna aliyenitania, jambo lililoniuma zaidi.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono, nimeona macho ya mama yalivyofanywa na moshi. Ila mtungi ukifika nyumbani unabadilisha kimo cha sufuria, na katika mazungumzo yote niliyoyasikia kuhusu gesi sijasikia mtu akitaja kiwiko.

Dawa ilikuwa imelala pembeni ya ukuta. Fundi aliyaokota yale matendegu mawili mafupi ya miguuni, akayasimamisha kando ya meza, akarudi nyuma kuyatazama. Sentimita 50. Baba alikuwa ameagiza kitanda cha vimo viwili. Kwa vipande vilivyobaki vya mbavu tukatengeneza bawa la chini, upana wa sentimita 40, limeegemea miguu ya meza upande mmoja na matendegu mafupi upande wa pili. Jiko la gesi likahamia huko, na vibanzi viwili vya kulizuia lisisogee. 50 na 12 na 20 ni 82. Mama akasonga amesimama, mguu mmoja mbele, mwili wote juu ya mwiko, na kigongo cha fundi kilichobaki akakifanya cha kuzuilia sufuria, kazi ambayo zamani ilikuwa ya unyayo.

Kitu kimoja sikukipanga. Siku za mwanzo, majirani walipokuja kuchambua mbaazi, walikaa sakafuni kama kawaida na mama akabaki amesimama mezani, juu yao, kama mwalimu na darasa. Mazungumzo yakawa mafupi. Wakaanza kuaga mapema. Bawa lilipokuja, gesi ikizimwa jiko linahamishiwa rafuni, vigoda vinasogezwa, na ungo wa mbaazi unakaa juu ya sentimita 50 ambazo aliyekaa anazifikia na aliyesimama hazimwinamishi sana. Mama mwenyewe husimama dakika kumi, hukaa kwenye kiti dakika kumi.

Majirani wawili wameshaomba ya kwao. Nilipopita karakana kuaga, nilikuta kwenye msumari wa ukutani zinaning'inia kamba tatu za katani, kila moja na mafundo yake mawili, na fundi anajua ipi ni ya nani bila kuandika.